Nesi Mkojo ndo mimi, sikatai

Mimi nesi wa ICU, wodi ya mahututi, hospitali ya mkoa, na kama kuna ushauri unaniudhi ni ule wa "hakojoi? mpige Lasix", yaani sindano ya kukojosha. Ngojeni niwaambie.

Tulipokea mama katoka kujifungua kwa upasuaji, maambukizi yameshaingia kwenye damu, presha 80 kwa 50, kilo kama 60 hivi. Mtu wa hivyo mkojo ukishuka chini ya mili 30 kwa saa, masaa sita mfululizo, jua figo zimeshaanza kugoma, usikae kusubiri kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, maana hiyo inapanda wakati maji yameshazidi unga.

Sasa mfuko wa mkojo alama zake za chini ni za kubahatisha tu, mili 15 na mili 40 huzitofautishi. Nikanunua bomba la sindano la mili 50, elfu na kitu, kila saa namwaga kwenye chupa, navuta na bomba, naandika. Wenzangu wakaniita Nesi Mkojo. Haya.

Usiku wa kwanza niliaibika jamani. Saa tisa mkojo sifuri kabisa, nikampigia dokta, kaja mbio na kandambili, kafunua shuka, mpira wa mkojo umebanwa chini ya paja la mama wa watu! Kuunyoosha tu, mili 300 hizo. Hakusema kitu, alinitazama tu. Siku hizi kabla sijashika simu naufuata mpira kwa mkono toka juu mpaka kwenye mfuko.

Usiku wa pili ikawa kweli: mili 10, mili 8. Zamu ya jioni walishampiga Lasix mara mbili na presha ndo ikazidi kuzama. Kupekua chati nakuta diklofenaki ya maumivu na jentamaisini ya kuua bakteria, vyote vinakula figo, dokta akavifuta. Dripu tukaenda mili 250 kwa 250, kila moja nasikiliza mapafu, yalipoanza sauti ya maji tukaacha, tukaingia noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Potasiamu kwenye damu 6.8, juu kiasi cha kusimamisha moyo, dokta akaagiza kalsiamu kulinda moyo, kisha insulini na glukosi kuishusha. Mashine ya kusafisha damu iko mji mwingine, fomu ya rufaa tulishajaza.

Siku ya nne: mili 25, 40, 70... nikapiga kigelegele humo humo ICU, nikakemewa. Kesho yake lita nne! Ikabidi tumrudishie maji asikauke, watu wanasahau hapo.

Anahamishiwa wodini, mama mkwe wake ananivuta pembeni, "Sista, mbona ulikuwa unapima mkojo wa mkwe wangu kama unauza mafuta ya taa?"