Nyota za Barafu

Shangazi yangu hajawahi kuamini menyu. Aliuza chakula miaka 26 kabla magoti hayajamstaafisha, na kwake mgahawa ni sufuria, si maandishi. Nilipomwambia kwamba safari yetu ya Ugiriki nimeipangia kila mlo kwa kusoma maoni ya wateja kwenye simu, nyota nne na nusu hapa, nne na nukta nane pale, alinitazama kama anayekagua nyama iliyobadilika rangi.

"Hao waliotoa nyota, unawajua?"

"Siwajui, Shangazi."

"Wamekula ukiwaona?"

"Hapana."

"Haya. Twende."

Tulitua Athens jioni, tukapanda metro hadi Monastiraki, yuro 9 kila mmoja, na kufikia saa moja tulikuwa tumeshatua mizigo na njaa imetushika. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Saa moja jioni Mgiriki bado hajawaza chakula cha usiku. Wenyeji huanza kuingia saa tatu, wengine saa nne. Meza zinazojaa mapema ni za sisi wageni, na wapishi wanalijua hilo. Nyota zangu zilitupeleka kwenye kichochoro cha mtaa wa Plaka, chini ya kilima cha Akropolisi, ambako kijana alisimama mlangoni na menyu yenye picha na lugha sita, akituita kwa bashasha zote. Shangazi akanivuta mkono. "Chakula kizuri hakisimamishiwi mpiga debe." Nikamwonyesha simu. Tukaketi.

"Kumbe hata humu wametia nyota," akasema, kidole chake kikigusa alama ndogo pembeni ya ngisi, pweza na kamba. "Niagizie chenye nyota basi, tuone hizo sifa."

Ngisi alikuja mgumu kama kandambili. Ndipo nikageuza menyu nikasoma maandishi ya chini kabisa, yale yanayohitaji miwani: chenye nyota kimetoka kwenye friza. Sheria ya Ugiriki inamtaka mwenye mgahawa ataje kilichogandishwa, naye anatii kwa kinyota kimoja, maelezo akayaweka ukingoni. Nilipomtafsiria, Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Tangu usiku ule, kila nilipotoa simu kutafuta pa kula, aliniuliza, "Zina barafu ngapi?"

Mimi nilikuwa nimeagiza samaki mbichi wa kuchoma. Bei ya samaki huko huandikwa kwa kilo, na mjuzi huomba aonyeshwe samaki na apimiwe kabla hajaingia motoni. Mimi sikuwa mjuzi. Shangazi alipoashiria kwa mkono kwamba anataka kwenda jikoni kumwona samaki mwenyewe, mhudumu aliinua kidevu, akapandisha nyusi na kutoa sauti kwa ulimi: nts.

"Amenisonya!"

"Shangazi, huenda sivyo..."

"Mtoto mdogo yule! Amenisonya mbele za watu!"

Hakula tena. Bili ilipokuja ilikuwa kipande cha karatasi chenye tarakimu moja kwa kalamu: 94. Nikarudi kwenye yale maandishi madogo, maana nilishajua kwamba mambo yote ya maana yamefichwa humo, na kweli palikuwa na sentensi ya kisheria inayochapwa kwenye menyu za nchi nzima: mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti halali. Nikatamka neno lenyewe, "apodixi", vibaya nadhani, lakini lilisikika. Dakika kumi baadaye ilikuja risiti ya mashine, yenye mchanganuo, nayo ilisema 81. Hakuna aliyeeleza zile 13 zilikuwa za nini. Mkate ambao hatukuuagiza ulikuwemo, umehesabiwa kwa kichwa. Huo ni utaratibu wa kawaida, unaletwa wenyewe na unaweza kuukataa ukiwahi.

Kesho yake tukapanda basi la KTEL, mabasi yao ya mikoani, kwenye kituo cha Kifissos kwenda mji wa Nafplio, mwendo wa kama masaa mawili na nusu. Njiani unavuka mfereji wa Korintho, uliokamilika mwaka 1893, mwembamba ajabu, kuta zake za mwamba zimesimama wima kama mkate uliokatwa kwa uzi. Shangazi aliutazama sekunde mbili akarudi kwenye jambo lake. Msonyo ulikuwa bado unamkereketa.

Bahati nzuri kiti cha mbele alikaa mwanafunzi aliyejua Kiingereza, nikamuuliza. Akacheka. Kuinua kidevu na ile "nts" ni "hapana" tu, akasema, hata mtoto humjibu hivyo bibi yake. Kisha akatuongezea mtego wa pili: "ndiyo" yao ni "ne", neno ambalo wageni kutoka nchi nyingi za Ulaya hulisikia kama "hapana". Shangazi hakushawishika mara moja. Lakini nilimwona, basi lilipokuwa likiteremka kuelekea Argos, akijaribu kidevu chake taratibu kwenye kioo cha dirisha.

Nafplio ulikuwa mji mkuu wa Ugiriki iliyotoka kupata uhuru, kabla ya makao kuhamia Athens mwaka 1834, na juu yake iko ngome ya Palamidi, ambayo watu husema ina ngazi 999. Nilizipanda peke yangu. Niliporudi, magoti yakitetemeka, Shangazi hakuwepo kwenye benchi nilipomwacha.

Nilimkuta jikoni.

Sizungumzi kwa mafumbo. Mtaa wa nyuma, mbali na bahari na viti vya mapambo, palikuwa na mahali pasipo picha wala mpiga debe, meza tisa zilizotandikwa karatasi na kubanwa kwa vibanio ili upepo usizichukue. Wagiriki huita mahali pa namna hii mayirio: vyakula hupikwa asubuhi, vinawekwa kwenye trei na masufuria, na mteja huenda kutazama mwenyewe na kuonyesha anachotaka. Shangazi alikuwa amesimama kando ya mwenye mahali, mama wa rika lake mwenye aproni ya buluu, wote wawili wameinamia sufuria moja. Mama alifunua, Shangazi akanusa. Mama akafunua nyingine. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, na walikuwa wakizungumza bila kukoma.

Tulikula maharage meupe makubwa yaliyookwa kwa nyanya, na pilipili hoho zilizojazwa wali na majani ya minti. Saladi haikuwa na jani hata moja: nyanya, tango, kitunguu, zeituni, na juu yake pande zima la feta, jibini ambayo Umoja wa Ulaya umeihifadhia Ugiriki jina tangu 2002, na ambayo lazima angalau asilimia 70 ya maziwa yake yawe ya kondoo. Mvinyo wa nyumbani ulikuja kwenye jagi la bati. Huagizwa kwa kilo, nusu kilo, robo. "Kama sukari," Shangazi akasema, akaomba maji.

Kisha akaweka kijiko chini. "Chakula kimepoa."

Nilijikunyata. Ndivyo maoni ya wateja niliyoyasoma yalivyolalamika kwa mistari mirefu: tumeletewa chakula vuguvugu, nyota mbili. Shangazi hakuandika popote. Alibeba sahani yake hadi jikoni, akagusa ubavu wa sahani kwa kiganja, akatikisa kichwa. Mama akachukua kijiko, akachota mafuta ya zeituni yaliyotuama chini ya maharage, akamwonyesha kwenye mwanga, akapuliza juu ya mvuke wa kufikirika na kukunja uso: kikiwa moto, huonji kitu. Vyakula hivi vya mafuta, ambavyo Waorthodoksi hula siku za mfungo, vimekusudiwa kuliwa vikiwa vimetulia. Shangazi alirudi mezani, akala tena polepole, na kwa muda mrefu hakusema neno.

"Ana haki," akasema mwishowe. Katika maisha yangu nimemsikia akimwambia hivyo mpishi mwingine mara hiyo moja tu.

Nilibaki nikitazama wateja. Mzee mmoja alikaa peke yake na gazeti na robo ya mvinyo, na katika saa nzima hakuna aliyemsogelea kumuuliza kama amemaliza. Wajenzi wawili wenye vumbi la saruji walikula musaka, biringanya na nyama ya kusaga zilizookwa, haraka, bila kuinua vichwa. Mtoto alilala juu ya viti viwili vilivyounganishwa huku wazazi wake wakiendelea kubishana na meza ya jirani; paka watatu walipita chini kama wakaguzi. Bili haikuja, wala isingekuja mpaka niiite. Kule Plaka ningeuita huo uzembe. Hapa, mama alipoona tumemaliza, alituletea halva ya semolina yenye mdalasini ambayo hatukuiagiza, na haikuwemo kwenye risiti. Risiti nayo ilikuja bila kuombwa: yuro 27.

Usiku nilijaribu kuandika maoni yangu kwenye simu. Nikaandika "chakula kilikuwa vuguvugu", nikafuta. Nikaandika kwamba mteja anaruhusiwa jikoni, nikawaza watu mia mbili wakipanga foleni kwenye jiko la mama yule, nikafuta na hilo pia.

Mchana wa siku ya pili, saa moja kabla ya basi, Shangazi alinipita mlangoni bila kuningoja akaenda moja kwa moja kwenye trei. Musaka ilikuwa imebaki robo, ile sosi nyeupe ya juu bado inavutia. Sosi hiyo, kwa njia, huhesabiwa ni mkono wa Nikolaos Tselementes, mpishi wa miaka ya 1920 ambaye jina lake kwa Kigiriki limekuwa neno la kitabu cha mapishi. Mimi nilikuwa nimeilenga tangu jana. Shangazi akainyooshea kidole.

Mama akatupa jicho kwenye meza za wateja, akajisogeza karibu, akainua kidevu na nyusi. Nts.

"Ya jana," Shangazi akanifasiria, bila kugeuka. Kisha akaonyesha bamia.

"Ne," mama akasema.

"Ne," Shangazi akajibu, akaenda kutafuta meza.