Nilivyofundisha Virginia kwa chaki na maharage

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wakisikia neno koloni, picha inayowajia ni ya Tanganyika: boma, bwana shauri, akida, kodi ya kichwa. Walowezi wanawajua kwa kusoma habari za Kenya. Lakini Mwingereza maskini kupanda meli, kuvuka Atlantiki na kwenda kufa njaa kando ya mto wa Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, hilo haliwaingii. Wanakariri "sababu tano" na kuzimwaga kwenye mtihani, basi.

Kilichonikomboa ni orodha moja ya zamani. Mapema mwaka 1625 watu wa Virginia walihesabiwa nyumba kwa nyumba: jina, mara nyingi umri, meli aliyokuja nayo na mwaka, halafu mahindi, bunduki na mifugo ya mwenye nyumba. (Yenyewe imeandikwa 1624, maana Waingereza wa enzi hizo walianza mwaka mpya Machi 25. Niliwaambia mapema, wapo wanaopenda kumkamata mwalimu.) Nakala ipo mtandaoni bure. Nilichapisha kurasa chache steshenari, nikazikata vipande, mtu mmoja kipande kimoja.

Tukasogeza madawati, nikachora mto James sakafuni kwa chaki. Safu mbili za nyuma niliwafanya watu wa Powhatan, wenyeji wa eneo hilo, nikawapa bakuli la mahindi. Wa mbele wakawa wale wanaume na wavulana 104 walioshushwa Jamestown mwaka 1607 na Kampuni ya Virginia ya London. Wakauliza mbona hawakulima. Nikawaeleza: kampuni ilitaka dhahabu, wengi wao hawakuwa wakulima, maji ya pale yalikuwa na chumvi, na pete za ndani ya mashina ya miti ya kale zinaonyesha ukame mkali miaka hiyohiyo. Kwa hiyo chakula kilitoka kwenye bakuli la nyuma, kwa kubadilishana, kuomba au kunyang'anya. Uhusiano ulipovunjika, majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 kati ya watu wapatao 300 wakabaki kama 60. Niliwaambia wengine wakae chini, na darasa likanyamaza lenyewe.

Maharage yalikuwa tumbaku, punje moja pauni moja ya uzito. John Rolfe alipofanikiwa kuotesha mbegu kutoka visiwa vya Karibi, miaka ya 1610, tumbaku ikawa ndiyo fedha: kodi, deni, faini, vyote vililipwa kwa majani. Wasichana walichachamaa tulipofika mwaka 1620, kampuni ilipoanza kuleta wanawake waolewe na walowezi, na mume akatakiwa kulipa pauni 120 za tumbaku au zaidi.

"Madam, hiyo si mahari?"

"Mahari anapokea nani?"

"Wazazi."

"Hii inapokelewa na kampuni. Inarudisha gharama zake."

Kijana mmoja alihesabu punje zake, zikaishia arobaini na kitu. Walimcheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Lakini somo lenyewe lilikuwa kwenye nauli, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi. Tangu 1618 kampuni iliahidi ekari 50 kwa kila mtu aliyeingizwa Virginia. Anayezipata ni aliyelipa nauli. Asiye na nauli anatia saini mkataba, anatumika miaka minne hadi saba bila mshahara, kwa chakula, nguo na pa kulala, na wengi walikufa kabla ya kumaliza. Darasa lilichukua muda kulimeza hili: mtumishi anampa bwana nguvu zake, halafu kuja kwake tu kunampa bwana huyo huyo shamba. Kila kipande cha karatasi kilipotua mbele ya tajiri wetu, mwanafunzi aliyeigiza mlipa nauli, nilichora mraba mpya sakafuni, na watu wa Powhatan wakasogezwa nyuma. Wakafika ukutani. Binti mmoja akakataa kusogea.

"Madam, hii ardhi anaigawa nani? Sisi hatujaulizwa."

Nikaandika ubaoni: Machi 22, 1622. Siku hiyo mashambulizi yaliyoongozwa na Opechancanough, kiongozi wa watu wa Powhatan, yaliua walowezi 347. Vita vilivyofuata vilidumu miaka kumi, na Waingereza walivitumia kuchukua ardhi zaidi.

Tulirudi kwenye vipande vyetu. Waliokwisha kusafirishwa kwenda huko hadi wakati wa hesabu walizidi 6,000. Waliohesabiwa hai ni kama 1,200. Waafrika walikuwa 23. Mmoja ni Angela, katika nyumba ya Kapteni William Peirce, aliyekuja kwa meli Treasurer. Alikuwa miongoni mwa watu waliotekwa Angola. Mwingine ni Antonio, aliyefika 1621. Huyu baadaye anaitwa Anthony Johnson, ni mtu huru, na mwaka 1651 anapewa ekari 250. Nikawauliza ni vichwa vingapi. "Vitano!" Walijibu bila kikokotoo. Naye alikuwa akimshikilia John Casor, Mwafrika, na mwaka 1655 mahakama ikaamua Casor ni wake. Hapo ubishi ulizuka, nikauacha uende hadi kengele. Sheria ya 1662, kwamba mtoto hufuata hali ya mama, awe huru au mtumwa, niliisoma kipindi kilichofuata, na hakuna aliyetaka kucheza tena.

Kwenye mtihani wa muhula swali lilikuwa lile la miaka yote: eleza sababu za Waingereza kuanzisha makoloni Amerika. Majibu mengi yalianza na nauli, nani aliilipa na alipata nini. Wawili watatu walizama Virginia hadi wakasahau kabisa koloni la Plymouth, Wapuritani na mambo ya dini. Hao niliwakata alama.