Bendera Arobaini Kabla ya Filimbi

Jumamosi ya tarehe 17 Machi 2018, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo ni ya taifa la Ayalandi, iliangukia siku ambayo Ayalandi walikuwa wanacheza raga na Uingereza kule Twickenham, uwanja wa London, saa tisa kasorobo mchana. Baa niliyokuwa nafanya kazi Dublin ilipokea oda ya shoti arobaini za bendera, yaani glasi ndogo za kileo zenye rangi za bendera ya Ayalandi (kijani, nyeupe na chungwa), zote ziwe mezani kabla ya filimbi.

Shoti hiyo ina matabaka matatu, mililita 15 kila moja, yaani kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Chini ni kijani cha crème de menthe, kileo kitamu cha mnanaa, katikati Baileys, kileo cha krimu, juu Grand Marnier, kileo cha machungwa, ambayo kusema kweli ina rangi ya kaharabu, ila kwenye taa za baa inapita kama chungwa. Bendera unaisoma kutoka chini, kama kwamba kitako cha glasi ndicho mlingoti. Ukianza na chungwa umeshachora Côte d'Ivoire.

Kinachotenga matabaka ni uzito. Sukari hukifanya kileo kiwe kizito, alkoholi hukifanya chepesi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kileo cha aina ya crème kiwe na angalau gramu 250 za sukari kwa lita, ndiyo maana kinatulia chini. Baileys ina alkoholi asilimia 17, Grand Marnier 40, lakini tofauti ya uzito kati yao ni ndogo, na hapo ndipo mikono mingi huumbuka.

Kijiko unakigeuza mgongo juu, ncha iguse ukuta wa glasi kwa ndani, juu kidogo tu ya kilichomo. Unamimina polepole, mkondo mwembamba kama uzi, na kijiko kinapanda kadiri glasi inavyojaa. Kila tabaka likiisha, futa kijiko. Tone moja la kijani likibaki, linachora mchirizi kwenye weupe.

Saa saba tulikuwa na glasi kumi na nane, na chupa ya kijani imekauka. Chupa nzima ya mililita 700 hutoa shoti 46, lakini ile ilikuwa imefunguliwa tangu Krismasi na hakuna aliyeipima. Msimamizi akaniambia nitie rangi ya chakula kwenye vodka. Nikatii. Vodka ni nyepesi hata kuliko maji, kwa hiyo Baileys ilizama moja kwa moja hadi chini na kutapakaa. Mwenzangu wa Tanga aliyekuwa anaosha glasi akachungulia.

"Kaka, hiyo bendera au kisamvu cha nazi?"

Kilichotuokoa ni shira ya mnanaa ya kijani, ile ya kutia kwenye kahawa. Nilichanganya vipimo viwili vya shira na kimoja cha vodka. Hata ikiwa na vodka ndani, shira inabaki nzito kuliko Baileys, na mpaka ukatokea mkali kuliko ule wa crème de menthe yenyewe. Kwa ladha ni tamu mno, sikufichi. Kuna aliyetaka kuongeza maji ya chungwa juu ili rangi ikolee. Nikamkatalia, kwa sababu asidi ingekatisha krimu na kila glasi ingekuwa na mapande yanayoelea.

Glasi tulizibeba kumi kumi kwenye sinia, mwendo wa bibi harusi, maana mtikisiko wa kona moja unatosha kufuta mpaka wa juu. Sikuzipanga mapema kwenye friji pia: zikikaa, kingo hufifia zenyewe.

Ya arobaini ilifika mezani nyimbo za taifa zikiimbwa. Ayalandi walishinda 24 kwa 15. Usiku, zile glasi ishirini na mbili za shira zilitoka kwenye mashine bado zinanata, ikabidi tuziloweke kwenye maji ya moto na kuzisugua moja moja.