Mama wa Uyole na siku ya tatu

Juzi mpwa wangu kanitumia picha ya begi limejaa vifaa vya kuzamia, reguleta (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa), jaketi ya kuelea, mtungi wa hewa, kila kitu, chini kaandika "anko hii seti nzima laki tisa, nichukue au niache?" Ndo kwanza kamaliza kozi ya mwanzo kule Nungwi, ile unayoruhusiwa kushuka mwisho mita 18, bado ana moto, namwelewa kabisa. Nikamjibu asubiri kwanza nitampigia, halafu nikabaki nimekaa tu na simu mkononi maana nimeikumbuka ile nyumba ya Uyole, hapa Mbeya.

Wa siku zote mnajua mtu wa Mbeya nilivyoishia kwenye mambo ya kuzamia, hiyo sirudii. Mnajua pia kwamba lengo langu halikuwa bahari, lilikuwa Ziwa Nyasa, ule upande wa Matema ambako Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, kwenye yale mawe yenye samaki wa rangi rangi ambao wengi wao huwapati ziwa lingine lolote duniani. Sa huku kwetu duka la vifaa vya kuzamia hakuna, ni Dar au Zanzibar, kwa hiyo dalali mmoja aliponiambia kuna mama Uyole anauza vifaa vya marehemu mumewe nilitoka Mwanjelwa mchana huohuo, manyunyu na baridi ile mnayoijua.

Mumewe alikuwa anakamata samaki wa mapambo, wale wanaouzwa nje kwenye matangi ya vioo. Miaka ya 80 mwishoni mpaka 90 na kitu. Mama alinikaribisha, akaniletea soda pamoja na baridi yote, akaburuta sanduku la bati kutoka chumbani na kulifungua mwenyewe, dalali hakuruhusiwa hata kugusa.

Nilianza na maski, ile ya kioo ya usoni. Mwalimu wangu alinisisitizia kwamba mtu anayeanza asinunue kitu kingine chochote kabla ya maski, kwa sababu vingine unaweza kukodi ila uso ni wako peke yako, maski inayomkaa mwenzako vizuri wewe inaweza kukuingiza maji kuanzia dakika ya kwanza. Na iwe inayofunika pua, miwani ya kuogelea haifai, ukishuka mita 10 tu presha inakuwa mara mbili ya juu na usipoweza kupuliza hewa kidogo kwa pua kuingia kwenye maski inakukamua macho. Ile ya marehemu ilikuwa ya silikoni, bado laini, wakati mapezi yake ya miguuni ya mpira mweusi yalishaanza kupasuka. Nikawa naweka mkanda kichwani, mama akasema "Hapana. Bila mkanda. Iweke, vuta kwa pua, achia mkono." Nikavuta, nikaachia, na yeye alikuwa ameshakinga kiganja chini ya kidevu changu, ikidondoka aidake. Haikudondoka. Ilining'ang'ania usoni, tukabaki hivyo, mimi nimebana pumzi, yeye mkono uko palepale.

"Yeye ilikuwa ikimwachia hapa," akasema, akanigusa pembeni ya pua. "Sharubu."

Ugomvi ulikuja kwenye reguleta. Alitaka laki saba kwa vyote, havitengani. Nikamweleza mama, hii ndo inakupa pumzi, ndani yake kuna oringi na diafram, vipira vya kuzuia na kuachia hewa, vinakauka hata kama kifaa kimelala tu kwenye sanduku, kawaida kila mwaka au miwili inafunguliwa na fundi mwenye mafunzo, na fundi huyo Mbeya hayupo. Mtungi nao kawaida unapimwa presha kila miaka 5, tarehe inagongwa shingoni, ya mwisho niliyoiona pale ilikuwa ya zamani mno. Mipira ya hewa ukiikunja karibu na chuma unaona nyufa ndogo ndogo. Niliongea kwa heshima zote, lakini namna nyingine ya kulisema hilo haipo, kitu cha kukupa hewa chini ya maji hakinunuliwi kwa kuangalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mume wangu hakufia ziwani. Alifia hapo chumbani, kitandani kwake, kwa sukari. Hivi vitu havijawahi kumwangusha hata siku moja."

Nikanyamaza. Dalali akaanza kuangalia simu. Nilishaona biashara imekufa, natafuta tu namna ya kuaga vizuri, ndo mama akasema ngoja nikuulize, wewe si umesomea haya mambo.

"Huyu bwana akizama alikuwa harudi siku hiyo. Matema na hapa si mbali, gari zipo, wenzake wa mnadani wanaenda na kurudi. Yeye analala. Ukimuuliza anasema mwili haujaruhusu kupanda. Mwili gani haujaruhusu kupanda gari?" Akafunika sanduku. "Mimi miaka yote nilijua kule ana mtu."

Jamani. Hilo jambo nililisoma. Tena lilikuwa moja ya vitu vichache kwenye kozi vilivyonihusu mimi wa nyanda za juu kuliko wenzangu wote wa darasani, nililiandika pembeni ya daftari kwa wino mwekundu. Nikamwambia mama, alikuwa anasema kweli. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, chini ya maji kwa ile presha inaingia mwilini inatulia humo, ukitoka haiishi papo hapo, inahitaji masaa. Sa Ziwa Nyasa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, Mbeya ni kama 1700, na ile barabara ya Tukuyu inapanda tu, ukienda juu presha ya hewa inapungua na naitrojeni iliyobaki inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya damu, kwenye viungo, hata kwenye uti wa mgongo, mtu akapooza. Ni sawa na kupanda ndege. Niliona haelewi, nikachukua ile soda ambayo nilikuwa sijaigusa, nikaitikisa, nikafungua kizibo. Ikamwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza, kile cha kufuma kwa mkono, wala hakukiangalia, alikuwa anaangalia chupa.

"Ni masaa mangapi?"

"Tulifundishwa 12 ukizama mara moja. Ukizama mara kadhaa, 18."

Akakaa. Akawa anahesabu, sio kwa vidole, midomo tu inacheza. Mvua ilikuwa imeongezeka kwenye bati. Dalali akataka kusema kitu nikamkata jicho.

"Mara nyingi alikuwa akirudi siku ya pili," akasema. "Lakini kuna safari alikuwa akirudi ya tatu."

Sikuwa na la kujibu. Nilisema labda alizama na kesho yake, hesabu ikaanza upya, inawezekana kabisa na kwa kazi yake ya samaki lazima ilitokea. Akaitikia "mmh", ile mmh ya Kinyakyusa ambayo huwezi kujua imebeba nini.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Akaniuzia maski peke yake, elfu hamsini, wala hatukuvutana. Reguleta na mtungi akasema hauzi tena, si kwangu si kwa mwingine, dalali akanuna njia nzima mpaka tunafika barabarani. Vilivyobaki nikawa nakodi, kwa mtu anayeanza hiyo ndo njia ambayo ningemshauri yeyote, maski yako kwanza, halafu mapezi na viatu vyake, mengine yasubiri mpaka ujue unazamia wapi, maana hata vyuma vya kiunoni vya kukuzamisha, vya maji chumvi sivyo vya ziwani, maji ya ziwa hayakuelei kama ya bahari kwa hiyo unapunguza.

Ile maski nimezamia nayo Matema. Haijaingiza maji.

Miezi imepita, siku moja jioni napigiwa simu, mama wa Uyole. Hakuna salamu ndefu. "Hiyo kanuni yenu ya masaa, enzi za bwana wangu ilikuwepo? Au ni mambo ya sasa hivi?" Nikamwambia nipe siku moja mama, nikamuuliza mwalimu, nikasoma na mwenyewe. Ilikuwepo. Uswisi kulikuwa na daktari, Albert Bühlmann, miaka hiyohiyo ya 80 alishatoa majedwali ya watu wanaozamia maziwa ya milimani, na kuna wazamiaji enzi hizo walishauriwa kusubiri mpaka saa 24 kabla ya kupanda ndege. Nikampigia nikamwambia vyote.

"24," akasema. "Basi siku ya pili inaeleweka. Ndaga fijo mwanangu." Ndo asante sana kwa Kinyakyusa.

Nilitaka akate simu na kitu zaidi ya hicho. Nikamwambia mama, kuna na upepo, kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusini unalichafua lile ziwa hata siku nzima hakuna mtumbwi unaotoka, mtu anaweza kukaa pale Matema anasubiri tu maji yatulie azame. Na upepo huo upo kweli, nimeuona kwa macho yangu. Ila kuhusu zile safari za mumewe siwezi kuapa, sikuwepo.