Nilivyopiga picha bonde la Mkondoa baada ya kuachana na ushauri wa masika

Ukiwa Dodoma ukasema unapiga picha za mto, watu wanakuuliza mto gani. Nimeshaambiwa niende Udzungwa, niende Usambara, nikapande Uluguru, kana kwamba huku kwetu hakuna milima. Wachache waliokubali kwamba mto upo ndio walionipa ushauri mbaya zaidi: nenda masika, mto ukiwa umejaa, ndipo utapata picha. Ushauri huo bado unazunguka, na bado unanikera, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mto wenyewe ni Kinyasungwe. Unakusanya maji ya uwanda huu wa Dodoma, unapita Gulwe na Godegode wilayani Mpwapwa, halafu unaingia kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru. Ukishuka Kidete kuelekea Kilosa unaitwa Mkondoa, na mwisho maji yake yanaingia mto Wami. Misafara ya karne ya 19 ilipita kwenye bonde hili. Stanley alilipita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Reli ya kati ya Wajerumani, iliyofika Dodoma 1910, ilifuata humohumo, kwa sababu mto ulikuwa umeshapasua milima na kuacha njia.

Basi nilifuata ushauri, nikaenda Machi. Mto ulikuwa mwekundu wa tope, unanguruma, kingo zinameguka na kuanguka majini. Nilikuwa natafuta pa kuteremkia aliponiita mzee mmoja aliyekuwa anapalilia mtama juu ya kingo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema: "Mwanangu, mto huu usiupime kwa mawingu ya hapa. Mvua inanyesha huko Dodoma, hapa jua linawaka, maji yanakuja tu." Akanipeleka kwenye mgunga, akanyoosha jembe juu. Kwenye matawi yalining'inia mabua ya mtama, nyasi kavu na vipande vya mifuko, vimesokotwa pamoja na kukaushwa na jua, juu ya kimo changu kabisa. Maji ndiyo yaliyoviacha pale. Mto huuhuu ndio uliosomba reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, treni zikakatika kwa miezi. Siku ile sikushuka. Picha nilizorudi nazo ni tope na anga jeupe, nimezifuta zote.

Nenda kuanzia Juni. Mvua imekatika, vumbi halijaanza, milima inaonekana hadi mikunjo yake. Maji yamejikusanya kwenye mkondo mwembamba na mawe yamejitokeza. Upande wa Gulwe utakuta mchanga mtupu na visima vya kufukua ambavyo akina mama wanachota maji kwa kata, lakini ukisogea kwenye milima utakuta maji yanatembea. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa unafifisha milima, hivyo kwa picha za mandhari umechelewa. Kwa picha za ndege lakini, hapo ndipo penyewe.

Nilipoenda kuwapiga picha ndege hao nilikuwa na kijana wa Godegode anayechunga mbuzi, na yeye ndiye aliyenionyesha ukuta wa udongo kwenye kona ya mto, umetobolewa matundu mengi. Ni viota vya keremkerem, ndege wanaokula nyuki, wale wenye paji jeupe, koo jekundu na mgongo wa kijani. Kila nilipokaribia waliruka wote wakahamia ng'ambo. Niliwahi kuelekezwa kwamba ndege anafuatwa kwa kunyata. Keremkerem hanyatiwi, ana macho kuliko wewe.

Kaa chini umwangalie kwanza. Keremkerem ana kijiti chake. Anaruka, anadaka nyuki hewani, anarudi palepale, anampigapiga nyuki kwenye kijiti mpaka mwiba utoke, ndipo anammeza. Nilipoona wanarudia mzizi mmoja uliochomoza kwenye ukuta, nikaacha kuhangaika na ndege nikashughulika na mzizi. Nilijifunika kaniki ya mama, nikakaa kwenye kivuli cha mkuyu, nikaweka fokasi kwenye ncha ya mzizi na kuifunga hapohapo, shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde. Stendi sikuwa nayo. Nilichukua soksi ndefu za kuchezea mpira, nikazijaza mchanga wa mtoni, nikazifunga mdomo na kuzilaza juu ya jiwe, lenzi ikalala katikati yake. Haitikisiki, na ukimaliza unamwaga mchanga, unaondoka na soksi zako. Kijana alichoka akaenda kwa mbuzi wake. Mimi nikabaki na kidole kwenye kitufe.

Akaja mmoja. Nilisikia mlio wake kabla sijamwona. Alitua kwenye ncha ya mzizi, nyuki yuko mdomoni, mabawa ya nyuki bado yanatetemeka. Akampiga kushoto, akampiga kulia. Kwenye picha unaona chembe za udongo zinaruka kutoka kwenye mzizi na mwanga wa asubuhi umepita kwenye bawa la nyuki. Naipenda picha ile kuliko zote nilizowahi kupiga, na imepigwa wilaya ya Mpwapwa, kwa kamera ya mtumba.

Usisogee karibu na matundu kwa ajili ya picha. Wakiogopa wanaacha kulisha makinda.

Kufika si kazi. Basi la Mpwapwa kupitia Mbande na Kongwa, kisha bodaboda. Kwa nauli zote na chakula, elfu hamsini ilinitosha na chenji ikabaki. Kabla ya kushuka mtoni pita ofisi ya kijiji, mwone mtendaji, mweleze unachofanya na muda wa kurudi. Ukiwa na begi la kamera bila taarifa unawapa watu wasiwasi, na wana haki. Usitembee juu ya reli hata ikionekana njia fupi, na daraja la reli usilipige picha bila kuruhusiwa na wahusika. Maji yaliyotuama usiyakanyage peku, kichocho kipo. Lenzi ibadilishe ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, mchanga wa pale ni laini unaingia popote. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyofikiri. Chakula usibebe sana, nilikaribishwa ugali wa uwele na mlenda kwa yule mzee wa mtama, nami safari iliyofuata nikampelekea picha yake akiwa na jembe, nimeisafisha studio pale mjini kwa elfu mbili tatu.

Bodaboda patana naye saa ya kukufuata kabla hujamlipa, na umlipe nusu. Ukishaingia kati ya milima mtandao hakuna, hutaweza kumpigia.