Kuhakiki habari kuingie kwenye hesabu, jiografia na Kiswahili

Kipindi kimoja cha "usalama mtandaoni" kwa muhula hakimfundishi mwanafunzi kuhakiki habari. Atakariri kanuni, atafaulu jaribio, kisha jioni atasambaza ujumbe wa aina ileile aliyoonywa. Ujuzi huu unakaa pale unaporudiwa ndani ya masomo ya kila siku, dakika 10 hadi 15 kila mara, kwenye mada ambayo tayari imo katika andalio la somo.

Anza na hesabu, maana huko hakuna ubishi wa nani anaunga mkono nani. Chora grafu ya nguzo mbili: mwaka wa kwanza 50, wa pili 52, mstari wa wima uanzie 49. Nguzo ya pili itakuwa ndefu mara tatu ya ya kwanza, ilhali ongezeko ni asilimia 4 tu. Wanafunzi waichore upya kuanzia sifuri, kisha waziweke grafu zote mbili ubavu kwa ubavu. Kipindi kinachofuata waletee sentensi hii: "Hatari imeongezeka kwa asilimia 100." Kutoka ngapi? Kama ni kutoka mtu 1 hadi watu 2 kati ya 10,000, sentensi ni ya kweli na bado inapotosha. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamezoea kudhani kila habari ni kweli au uongo. Usiharakishe.

Kwenye Kiswahili, andika ubaoni vichwa vinne vya habari moja: waziri asema, adai, akiri, afichua. Alichotamka ni kilekile. Lakini "akiri" inamfanya aonekane alikuwa anaficha jambo, na "adai" inatia shaka kabla msomaji hajafika aya ya kwanza. Wanafunzi waeleze kila kitenzi kinamhukumu vipi mhusika.

Jiografia ina picha. Picha ya papa akiogelea kwenye barabara iliyofurika ilisambaa mwaka 2011 ikidaiwa kupigwa Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, ikarudi mwaka 2017 ikidaiwa kuwa ya Houston baada ya Harvey. Kimbunga kingine, papa yuleyule. Wafundishe kuipakia picha kwenye mtambo wa kutafuta kwa picha unaoweza kupanga matokeo kwa tarehe, na kuangalia ilipoonekana mara ya kwanza.

Orodha ndefu za kukagua tovuti ("ina nembo? ina anwani? imeandikwa vizuri?") ziachwe, maana mwongo hodari huzitimiza zote. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walilinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki habari wa kazi. Makundi mawili ya kwanza mara nyingi yalibaki ndani ya tovuti, yakapumbazwa na mwonekano wake. Wahakiki waliiacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Zoezi lake ni jepesi: dakika 3, na ni marufuku kusoma ukurasa wenyewe kabla ya kujua nani yuko nyuma yake.

Kosa kubwa la walimu ni kuleta mifano ya uongo mitupu. Baada ya wiki chache darasa halitaamini chochote, hata taarifa sahihi ya afya. Nusu ya mifano iwe ya kweli, na baadhi yake ya kushangaza. Pia hifadhi kila mfano kama picha ya skrini na uuchape, kwa kuwa viungo hufutwa na mtandao hukatika. Jaribu utafutaji mwenyewe siku hiyohiyo, kwani matokeo hubadilika.

Katika kusahihisha, kati ya alama 5, toa 4 kwa hatua alizoandika mwanafunzi na 1 kwa hitimisho. Aliyeandika "ushahidi nilioupata hautoshi" akaonyesha alikotafuta, apate zote 5.