Nyuma ya mawe ya Laizer

Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Habari nyingi ziliishia kwenye hundi. Kazi yenyewe iko shimoni: baruti, dizeli ya kompresa, chakula cha wanaapolo (vibarua wanaochimba), vyote hulipiwa kabla jiwe halijaonekana, na shimo laweza kukaa miaka bila kutoa kitu. Mtaji ukikatika hapo, umekwisha. Ukipata, peleka mawe yakathaminiwe kwenye soko rasmi. Mrabaha, yaani malipo ya Serikali kwa madini, ni asilimia 6 ya thamani, ada ya ukaguzi asilimia 1. Ukiuza kimagendo, dalali anakupangia bei, maana huna karatasi ya uthamini ya kubishia.